Vikompyuta vya bodi moja: vyafaa nini hasa nyumbani, huku kwetu Lamu

Mtu akikiona hiki kidude mara ya kwanza huuliza swali moja tu, hii ni kompyuta kweli ama ni mchezo wa watoto? Ni kompyuta, tena kamili, ila imenyimwa kila kitu ulichozoea kukiona kwa kompyuta, haina skrini, haina kibodi, haina betri, hata kasha la kuifunika huja mbali. Ni bodi ukubwa wa kadi ya benki, na prosesa, memori, soketi za USB, tundu la HDMI la kuchomekea TV na waifai vyote vimelehemiwa hapo hapo. Badala ya hadi disk unachomeka memori kadi kama ile ya simu, ndani yake umeeka Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, basi imewaka.

Iliyovipa umaarufu ni Raspberry Pi ya Cambridge, Uingereza. Ilitoka 29 Februari 2012 kwa dola 35, nia yao ilikuwa watoto wa shule wapate mashine ya bei poa ya kujifunzia kuandika programu, na bechi ya kwanza ilikuwa bodi 10,000 tu manake hawakutarajia watu wazima ndo wataivamia. Mwaka 2015 wakatoa Pi Zero ya dola 5, yaani walikuwa waibandika kwa jalada la gazeti lao unanunua gazeti unapata kompyuta bure. Zero 2 W, ambayo ndo mimi naona yafaa watu wengi, ilitoka 2021 kwa bei rasmi ya dola 15. Hiyo ni bei ya huko lakini, ukiongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji wa Nairobi, usishangae ukiambiwa zaidi ya maradufu. Kuna na jamaa zake wa China kama Orange Pi na Banana Pi, mara nyingi zina nguvu zaidi kwa bei hiyo hiyo, shida yake ni kwamba ukikwama utapata watu wachache wa kukusaidia, na kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa kuliko nguvu.

Sasa hapa ndo watu huchanganyikiwa. Ukiingia duka la vifaa vya elektroniki utaonyeshwa Raspberry Pi, Arduino, ESP32, Pico, zote bodi, zote ndogo, zote zina pini pini, na muuzaji atakwambia zote ni moja. Si moja. Raspberry Pi ya kawaida ni kompyuta, ina mfumo wake, yaweza kufanya kazi kumi kwa wakati mmoja, inahifadhi mafaili, inafungua mtandao. Arduino na ESP32 hazina mfumo wa namna hiyo, unaziandikia programu moja na hiyo hiyo ndo zitairudia mpaka siku ya kufa, lakini zinawaka papo hapo, zinakula umeme kidogo sana, na ukizizima ghafla hazidhuriki. Na kuna mtego, Raspberry Pi Pico ina jina la Pi lakini iko kundi la Arduino, ilitoka 2021 kwa dola 4 na watu wengi wamenunua wakidhani wamepata kompyuta ya bei ya chai na mahamri. Kanuni rahisi: kama kazi ni kusoma sensa, yaani kifaa cha kupima kitu kama joto ama maji, na kuwasha ama kuzima kitu, nunua ESP32 ama Pico W, ile Pico yenye waifai, kama kazi yahusu mafaili, sauti, video, ama kuhudumia simu kadhaa za nyumbani, nunua Pi. Na zikikaa nyumba moja zaongea vizuri, ile ndogo inapima, ile kubwa inaeka rekodi.

Kitu kimoja niseme wazi kabla hatujaenda mbali, usinunue Pi kwa ajili ya kuwa kompyuta ya kuandikia barua na kuangalia YouTube. Yaweza, naam, hasa Pi 4 na Pi 5, lakini ukipiga hesabu ya skrini, kibodi, mausi, chaja yake na kadi nzuri utakuta laptop ya mtumba ilikuwa nafuu na haina maudhi. Faida ya hivi vidude iko kwengine kabisa: vyaweza kuachwa vimewaka usiku na mchana mwaka mzima bila kukufilisi tokeni. Chukua Pi inayokula wati 4, mara saa 24, mara siku 30, ni kama uniti 2.9 kwa mwezi. Desktop ya zamani inayokula wati 80 kwa hesabu hiyo hiyo ni uniti 57 na ushei. Kwa hivo fikiria kazi ambazo hazikomi, ndogo ndogo, za kuchosha, ambazo simu haifai kwa sababu simu unatoka nayo. Hizo ndo zake.

Kazi ya kwanza ambayo kwa huku kwetu yafaa karibu kila nyumba ni saa ya adhana. Utaniambia simu ina apu. Ndiyo, lakini apu nyingine ukizizimia lokesheni huenda zikachukua Nairobi, na jua halijui Nairobi. Kila digrii moja ya longitudo ni dakika 4, Nairobi iko karibu na digrii 36.8 mashariki na Lamu iko karibu 40.9, tofauti ni digrii 4 na kidogo, kwa hivo magharibi yetu huingia kama dakika 16 kabla yao. Malindi iko 40.1 hivi, kwa hivo hata kati ya Lamu na Malindi kuna kama dakika 3. Mtu anayefuturu kwa saa ya Nairobi anajichelewesha bure, na anayekula daku kwa saa hiyo ndo ana shida kubwa zaidi.

Pi haitaki kuuliza mtandao hata kidogo, inapewa latitudo na longitudo ya nyumba yako halafu inapiga hesabu ya jua yenyewe. Dhuhuri ni jua likishapita katikati, alasiri kwa sisi Mashafii ni kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri, magharibi ni jua likizama, alfajiri na isha ni jua likiwa chini ya upeo kwa digrii fulani, na hapa wanazuoni na taasisi hutofautiana, kuna wanaotumia digrii 18 kwa alfajiri, kuna wengine, wewe unachagua ile inayolingana na msikiti wako. Programu za hesabu hii ziko tele za bure. Unachomeka spika ndogo ya USB, unaeka sauti ya muadhini umpendae, imekwisha. Unaweza kuongeza kaswida asubuhi ya Ijumaa, ama kisomo cha mwezi wa Ramadhani, ni wewe tu.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Hizi bodi karibu zote hazina saa ya ndani yenye betri. Pi 5 inayo saa, na betri yake wanunua mbali, zilizotangulia hazina kabisa. Maana yake stima ikikatika kwa muda wa saa mbili ikarudi, na intaneti haijarudi, Pi inawaka na kuendelea na ile saa ya mwisho iliyohifadhi, kama vile hakuna kilichotokea, inakuadhinia magharibi watu washamaliza isha. Kwa saa ya adhana hili halifai. Dawa yake ni kijibodi kinaitwa DS3231, kina kibetri cha duara kama cha saa ya mkono, unakichomeka kwa pini nne na kinashika majira kwa kukosea kama dakika moja tu kwa mwaka. Bei yake ni ya kawaida sana, sioni sababu ya mtu wa huku kuiacha.

Ukishakuwa na saa ya kuaminika, waweza kuongeza kiskrini cha wino wa kielektroniki karibu na mlango kikuonyeshe maji. Nasema maji ya bahari, kujaa na kupwa. Anayekwenda Faza ama Siyu ajua Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara, haupitiki maji yakiwa yamekupwa, na maji husogea kama dakika 50 kila siku kwa hivo ukiangalia leo kesho ushapotea. Hivi viskrini uzuri wake ni kwamba picha hubaki hata umeme ukikatwa. Unaandika siku za bamvua na za maji mafu, na muandamo wa mwezi pia ukitaka.

Haya, tangi. Kila nyumba ina tangi juu ya dari na kila nyumba imewahi kusikia pampu ikinguruma maji yanamwagika ukutani, ama kinyume chake, mtu yuko na sabuni usoni na bomba linatoa hewa. Kupima maji bila kupanda ngazi ni rahisi ajabu. Unatumia sensa ya sauti, inarusha mlio ambao sikio la binadamu halisikii, mlio unagonga maji, unarudi, na bodi inapima muda. Kwa joto letu la nyuzi 30 hivi sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde, kwa hivo sentimita moja, kwenda na kurudi, ni kama sehemu 57 za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Ukipata 5,700 ni kwamba kati ya sensa na maji kuna mita moja. Tangi la lita 1,000 lenye urefu wa maji wa sentimita 120, kila sentimita ni lita 8 na kidogo. Umemaliza hesabu.

Sasa mambo ya ndani, kwa sababu hapa ndo bodi hufa. Sensa iliyozoeleka inaitwa HC-SR04, inatumia volti 5 na inarudisha jibu kwa volti 5, na pini za Pi, za Pico na za ESP32 zote zataka volti 3.3. Ukiunganisha moja kwa moja huenda ikafanya kazi wiki nzima halafu pini ikaungua. Waeka resista mbili kwenye waya wa jibu, moja ya kilo-omu 1 kutoka kwa sensa kwenda kwenye pini, nyingine ya kilo-omu 2 kutoka kwenye hiyo pini kwenda grauni, volti 5 zashuka kuwa 3.3 na senti kidogo. Na HC-SR04 ina macho mawili wazi, mvuke wa tangi na chumvi vitaimaliza, ununue ile isiyoingia maji, JSN-SR04T, ina jicho moja lenye waya mrefu. Hiyo nayo haioni kitu kilicho karibu sana, kama sentimita 20 hivi, kwa hivo iinue juu kidogo ya pale maji yanapofika yakijaa la sivyo tangi likijaa yatoa majibu ya kichaa. Kazi hii yenyewe mpe ESP32 huko juu, Pi ikae chini ipokee namba kwa waifai na ikutumie ujumbe kwa simu.

Kuwasha pampu yenyewe ni habari nyingine. Vile virilei vya buluu, yaani swichi zinazowashwa na bodi yenyewe, vinavyouzwa na hizi bodi vimeandikwa ampia 10 na watu huamini, lakini mota ya pampu ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, meno ya rilei yakashikana, pampu isizime tena. Rilei ndogo iwashe kontakta, yaani swichi kubwa ya kuhimili mota, kontakta ndo iwashe pampu, na hapo kwa umeme wa nyumba muite fundi wa stima aliye na leseni.

Tukija kwa bando. Kuna programu inaitwa Pi-hole, na kwa mtu anayelipia intaneti kwa gigabaiti hii peke yake yaweza kuwa sababu ya kununua Zero. Kila simu ikitaka kufungua ukurasa huuliza kwanza, jina hili liko wapi? Unaambia rauta maswali yote yaende kwa Pi, na Pi ina orodha ndefu ya majina ya watu wa matangazo na wa kufuatilia, jina likiwa kwenye orodha inajibu hakuna mtu hapa. Tangazo halishuki, bando halikatwi, na simu zote za nyumbani zafaidi bila kuekewa chochote. Mipaka yake ni kwamba matangazo ya YouTube hayazuii, kwa sababu hutoka kwenye majina yale yale ya video zenyewe, anayekuahidi hilo anakuuzia uongo. Na rauta nyingine za makampuni zimefungwa, hazikubali kubadilishwa pale pa kuelekeza maswali, hapo unaizima kazi ya kugawa anwani kwenye rauta na kumpa Pi mwenyewe agawe.

Ukiwa na hadi disk ya nje, Pi 4 yafanya maktaba ya nyumba. Kiwix ni programu ya bure inayokuruhusu kupakua Wikipedia nzima, ya Kiswahili ni nyepesi, ya Kiingereza na picha zake ni kama gigabaiti 100, halafu watoto waifungua kwa simu bila bando hata mtandao ukiwa umekatika. Madrasa ama shule ya visiwani isiyo na intaneti yaweza kuendeshwa na kitu hiki kimoja, Pi inatoa waifai yake yenyewe na darasa zima linasoma. Jellyfin nayo yakufanyia hivo hivo kwa filamu na video za harusi. Michezo ya zamani ya kuchezea kwenye TV, ile ya kanda za plastiki, iko programu ya RetroPie, vijana waijua kuliko mimi.

Tatizo la maktaba hii katika mji wa kale ni kuta. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene hadi nusu mita, waifai inapita mlango mmoja inachoka. Usinunue rauta kubwa zaidi, haitasaidia, pitisha waya wa neti kwenye kidaka ama juu ya mlango, halafu kila sakafu iwe na kitoa waifai chake. Wale wa nyumba mpya za tofali kule Langoni nyuma ama Malindi shida hii hawana sana.

Halafu kuna ile ambayo haina faida yoyote ya pesa na ndo nzuri kuliko zote, kusikiliza meli. Meli yoyote ya safari za kimataifa yenye tani 300 kwenda juu yalazimika kurusha jina lake, mahali ilipo, mwendo na inakoelekea, kwa redio ya karibu megahezi 162, inaitwa AIS. Kuna kidude cha USB kilichotengenezwa awali kwa ajili ya kutazama TV za dijitali, watu wakagundua kinaweza kupokea redio ya karibu kila aina, kinaitwa RTL-SDR. Ukichomeka kwa Pi, ukakata waya wa shaba wa sentimita 46 uwe antena, ukaupandisha juu ya paa upande wa bahari, waona zile meli zinazoingia bandari mpya ya Lamu, ile iliyofunguliwa 2021, pamoja na zinazopita mbali kuelekea Mombasa. Jahazi na mashua za uvuvi hazitaonekana maana hazina kifaa hicho. Kata waya mwingine wa sentimita 7, badilisha masafa iwe megahezi 1090, na sasa unaona ndege, za kutua Manda na zile za juu kabisa ambazo hata huzisikii. Watu wa Malindi wasione ni mambo ya kigeni, Ngomeni palirushwa setelaiti inaitwa Uhuru tangu 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei ya angani. Kusikiliza tu lakini, usirushe. Kuna video zinakufundisha kugeuza Pi kuwa stesheni ya FM kwa waya mmoja, bila leseni hiyo ni kesi.

Kinachoua hivi vidude huku pwani. Cha kwanza ni chaja. Pi 3 yataka ampia 2.5, Pi 4 yataka 3, Pi 5 yataka 5, na chaja ya simu na kebo nyembamba vyaweza kuiwasha kisha ikawa inajizima na kuanza upya bila sababu, ukiona alama ya radi kona ya skrini ujue umeme hautoshi. Cha pili ni kukatika stima, bodi haiungui ila memori kadi ikikatwa katikati ya kuandika huharibika, na ndo malalamiko mengi ya "Pi yangu imekufa" ukweli ni kadi. Nunua kadi ya kampuni inayojulikana kwa duka unaloliamini, eka kopi yake kwa laptop, na kama kazi ni ya adhana ama tangi, ingia kwenye setingi ueke kadi iwe ya kusomwa tu, haiandikiki, hata stima ikatike mara ngapi. Cha tatu ni chumvi. Wakati wa kusi hewa imelowa na pini zaanza kuota kutu ya kijani, bodi iliyo nje ipake vanishi ya bodi, ukikosa hata rangi ya kucha isiyo na rangi watu wanatumia, usiguse soketi wala pini za kuchomekea. Joto kwa Zero si tatizo sana, Pi 4 na 5 ndo zitake feni ama kipande cha alumini, zikifika nyuzi 80 na kitu zinajipunguza kasi zenyewe.

Kamera nimeiacha makusudi mpaka hapa kwa sababu kila mtu huianza. Kiufundi ni rahisi, kamera ya Pi, programu ya kugundua mtu akipita, picha yatumwa kwa simu. Lakini mitaa ya Mkomani milango inatazamana, kamera ya mlango wako ni kamera ya kiwambo cha jirani na wanawake wake wakitoka na kuingia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayohusu kurekodi watu, na kabla ya sheria kuna jirani. Ielekeze ndani, kwa ua, kwa tangi, kwa zizi la punda, ama iache kabisa ununue taa ya sensa.

Ukienda dukani, basi, orodha ya kuanzia ni Zero 2 W iliyokwisha kulehemiwa pini, chaja yake halisi, kadi ya gigabaiti 32, na DS3231. Muuzaji akikosa iliyolehemiwa na wewe huna mkono wa lehemu, mpelekee fundi wa simu, kwake hiyo ni kazi ya dakika chache.